Mama mkwe ndani ya boti ya mita nane na nusu: uchambuzi wa kisa kimoja cha visiwa vya Ssese

## Kabla ya yote

Wenyewe wameniruhusu nikiandike hiki kisa, ila majina nimeyatoa, umri nimeugusagusa kidogo, na ghuba yenyewe sitaitaja maana wavuvi wa pale wanajuana wote na boti za tanga huko Ssese, visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Uganda, ni za kuhesabu kwa vidole. Mimi sikuwa ndani ya boti. Nilikuwa mtu wao wa nchi kavu, yaani yule anayeachiwa ratiba na namba za simu ili wasiposikika apige kelele. Baadaye tulikutana Entebbe, tukakaa kibarazani mpaka usiku tukipanga nani alifanya nini na saa ngapi, kwa hiyo ninayoandika yametoka kwenye daftari la boti, meseji za simu, na midomo ya watu wazima watano ambao kama kawaida hawakubaliani.

## Watu na chombo

Mwenyeji ni mtu wa Mombasa, arobaini kasoro, kakulia kwenye mashua za baba yake, kazi ikamleta Entebbe na akashindwa kuishi mbali na tanga. Akanunua boti ya mkono wa pili, mita nane na nusu, mlingoti mmoja, injini ndogo ya dizeli. Vitanda vitano: viwili vya mbele vilivyoungana, kimoja kila upande wa chumba cha kati, na kimoja cha kujibana nyuma karibu na ngazi. Choo ni kimoja, kiko kati ya chumba cha mbele na cha kati, mlango wake ni ubao mwembamba usiofunga vizuri, na ukimaliza unapampu kwa mkono mara kumi na tano hivi, krrrk-chwaa, krrrk-chwaa, boti nzima inasikia. Hiyo pampu uikumbuke, tutairudia.

Mke wake ni Mganda. Wageni walikuwa mama yake mzazi, sitini na ushei, anayekaa upande wa Masaka na aliyeuza vitenge mpakani Busia miaka mingi, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha mpakani na kimenyooka. Ssenga, yaani shangazi wa mke, dada wa marehemu baba. Kaka wa mke. Na watoto wawili wa huyo kaka, wa miaka tisa na sita. Jumla na wenyeji ni watu saba.

Sasa kwa msomaji asiyewajua Waganda, mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani, hawapeani mikono, hawakai karibu karibu, na hawalali chini ya paa moja. Kuna neno lake, obuko, na wazee husema anayeuvunja huo mwiko hupata ugonjwa wa kutetemeka mikono. Mjini wengi wamelegeza. Huyu mama naye alisema kwenye simu kwamba yeye ameokoka, mambo hayo hayamhusu, waandae tu boti anakuja. Mwenyeji akafurahi, akaamini. Mke hakuamini sana ila alinyamaza, na mpaka leo anasema kunyamaza kule ndiko kulimgharimu.

## Mpango ulivyokuwa

Ilikuwa likizo ya shule ya mwisho wa mwaka. Mpango: Ijumaa kuondoka Entebbe saa kumi na mbili asubuhi, kufika Bugala, kisiwa kikubwa cha Ssese, alasiri, kulala botini usiku wa kwanza na wa pili, kuzungukazunguka, Jumapili kurudi. Toka Entebbe hadi upande wa Kalangala, mji wa Bugala, ni kama kilomita 47 ukinyoosha. Feri ya Nakiwogo, gati la Entebbe, inatumia karibu masaa matatu na nusu, boti ya tanga ya size hiyo ikienda vizuri ni masaa sita, ikipata upepo wa usoni sahau.

Kulala walipanga hivi: mke na watoto mbele, mama na ssenga vitanda vya kati, kaka kule nyuma, na mwenyeji nje penye usukani chini ya turubai, ili asilale paa moja na mama mkwe. Hilo alijipanga mwenyewe bila kuambiwa na alijiona ameshamaliza kila kitu. Kwa haki kabisa, lilikuwa wazo la heshima.

## Ijumaa

Saa kumi na mbili ilipita. Ssenga alikuja na mkungu mzima wa matooke, majani ya mgomba ya kupikia, na jogoo. Jogoo mzima, hai, zawadi ya heshima, huwezi kumwambia mtu arudishe. Wakamfunga kamba chini ya mlingoti. Mama naye alikuja amevaa gomesi, ile ya sherehe, kitambaa kizito na mshipi kiunoni.

Hapo ndipo mzozo wa kwanza ulipotokea, wa kimya kimya. Mwenyeji ana sheria moja asiyoivunja, kila mtu laifu jaketi toka gatini. Ana sababu, Novemba 2018 boti ya starehe ilizama upande wa Mukono na zaidi ya watu 30 wakafa. Isitoshe maji ya ziwa hayabebi mwili kama ya bahari yenye chumvi, mtu wa pwani akiruka mara ya kwanza anashtuka anavyozama. Lakini jaketi lenyewe lina mkanda unaopita katikati ya miguu ili lisipande usoni ukiwa majini, na huo mkanda na gomesi haviendi pamoja, na nani atamwambia mama mkwe habari ya kupandisha gomesi? Akamwangalia mke. Mke akaangalia ziwa. Mwishowe mtoto wa miaka sita ndiye alikwenda na jaketi mkononi, "Jjajja, na wewe vaa, mimi nishavaa," na mama akavaa huku anacheka. Mkanda wa chini ukabaki unaning'inia.

Waliondoka saa tatu na dakika arobaini.

Mchana upepo wa ziwani ulitoka kusini, yaani karibu usoni, wakawa wanabisha, yaani kuukata upepo kwa mshazari, huku na kule, kila mara boti inalala upande mwingine. Mawimbi ya Nalubaale, yaani Victoria kwa Kiganda, ni mafupi na yanapandana, hayana nafasi ya kurefuka kama ya bahari kuu, na mgeni anayatambua tumboni. Kila kugeuza lazima nahodha atoe amri, na amri ya boti haina "tafadhali" wala "samahani mama", ni sauti moja na watu wanahama upande. Huyu bwana hakuweza. Akawa anamnong'oneza mke, mke anamwambia ssenga kwa Kiganda, ssenga anamwambia mama, na mpaka habari ifike boti ilishageuka na mama amebaki upande wa chini, maji yanampita karibu na viatu. Baada ya mara tatu mwenyeji akashusha tanga kubwa akawasha injini.

Kitu kizuri cha siku ile kilikuwa ikweta. Entebbe iko kaskazini kidogo, Ssese kusini kidogo, kwa hiyo unaivuka katikati ya maji. Watoto walikaa na simu wakiangalia namba zikishuka mpaka sifuri, N ikawa S, wakapiga kelele, jogoo naye akawika. Ssenga akauliza, "Banange, mstari wenyewe uko wapi?"

Ila tangu saa sita mchana mama alikuwa hanywi maji. Hakuna aliyeona. Alikuwa ameshaenda mle chooni mara moja asubuhi, akajipampia mwenyewe krrrk-chwaa na mkwe wake amekaa mita mbili kutoka pale ameshika usukani, na akaamua kwamba haendi tena. Njia ya kutokwenda ni kutokunywa. Saa kumi jioni kichwa kinamgonga, midomo imekauka, wote wakadhani ni mawimbi.

Wakafika ghubani saa kumi na mbili na nusu jioni, na jua la ikweta likianza kwenda halikusubiri. Mwenyeji akatupa nanga kwenye kina cha mita nne, akaachia mnyororo mita 15, akaridhika. Kwa nini 15? Kwa sababu alitaka boti ikae karibu na ufuko ili akina mama waone taa za watu na wasiogope. Na kwa sababu amechoka.

Halafu ssenga akapika matooke, ya kufunga kwa majani, ya mvuke, kama inavyotakiwa. Masaa matatu. Mtungi mdogo wa gesi ukaisha palepale. Ila wote wanakiri kile chakula kilikuwa kitamu ajabu.

## Usiku

Hapa niseme kidogo kuhusu ziwa. Mchana nchi inapata joto, upepo unavutwa kutoka majini kwenda nchi kavu. Usiku inageuka, ardhi inapoa haraka, maji yanabaki na joto lake, hewa ya pande zote inateremkia ziwani na kukutana katikati, inapanda juu, na ndiyo maana radi kubwa za huku nyingi zinapiga usiku wa manane hadi alfajiri. Mvuvi yeyote wa Ssese anajua hivyo bila kusoma. Mwenyeji naye alikuwa anajua, ila ghuba aliichagua kwa upepo wa mchana, imefungwa kusini na iko wazi kaskazini.

Saa nane na dakika kumi alinitumia meseji, "Radi kaskazini. Nanga inashika." Mimi nilikuwa nimelala na simu nimeizima sauti. Mtu wa nchi kavu gani huyo, nimeshajiuliza mara nyingi. Nisingeweza kuwavuta kwa mkono, lakini ningeweza kumuuliza ameachia mnyororo kiasi gani.

Kama dakika ishirini baadaye upepo uligonga mara moja, wenye mvua, kutoka kaskazini. Nanga ikang'oka kwenye tope. Boti ikaanza kurudi nyuma kuelekea matete, akakadiria zimebaki mita 60. Dawa ni injini. Injini inataka betri, na swichi ya betri, ambayo alikuwa ameizima jioni ili kutunza chaji, iko chini ya kitanda cha kati cha upande wa kushoto. Kitanda cha mama mkwe.

Alishuka ngazi mbili akasimama. Mama amelala, kajifunika shuka, gomesi imekunjwa pembeni. Anasema alisimama pale "sekunde chache" na shemeji yake aliyekuwa anajinasua kutoka kule nyuma anasema ilikuwa ndefu kuliko hivyo. Hakuweza kunyoosha mkono. Akapanda tena nje, akatambaa kwenye mvua mpaka mbele, akagonga kifuniko cha dari, mke akaamka, mke akapita kwenye giza akimwita mama yake, mama akataka kwanza ajifunge vizuri, ssenga akasimamisha shuka kama pazia, na ndipo mke akanyanyua godoro akageuza swichi. Wanakadiria dakika saba. Injini iliwaka mara ya kwanza, sema usukani ulikuwa umeshagonga jiwe na mkuku, yaani uti wa chini wa boti, umekaa kwenye tope la matete, boti imelala kidogo upande.

Na pale ikabaki. Kwa bahati tope lile ni laini. Waliketi wote chumba cha kati na majaketi yao, mara hii mama kavaa suruali ya trakisuti ya binti yake na mkanda wa chini umefungwa barabara bila mtu kumwambia, watoto wakalala tena, mvua ikaisha saa kumi na moja.

## Asubuhi na maamuzi

Wavuvi waliokuwa wanarudi na mukene, dagaa wa ziwani, waliwaona, wakaja, wakawavuta kwa injini yao kama nusu saa, wakalipwa shilingi 80,000 na mafuta. Chai pia ilitoka kwa wavuvi maana gesi hakuna.

Mama alikunywa vikombe vitatu mfululizo kisha akaomba apelekwe ufukoni haraka, na hapo ndipo mke alipojumlisha moja na moja.

Kikao kilifanyika kwenye mchanga, mwenyeji amekaa mbali kidogo na mama kama inavyopaswa. Ssenga ndiye aliyekiongoza. Kwa Waganda mambo ya ndoa ya binti ni mamlaka ya ssenga, na mwenyeji siku zote alikuwa anamchukulia kama mgeni tu wa kubebewa mzigo. Mama alikuwa wa kwanza kusema, "Yeye alingoja ruhusa yangu na maji yanaingia. Heshima hiyo itatuua." Maji hayakuingia kwa kweli, lakini hakuna aliyemsahihisha. Mwenyeji akakiri kwamba hata leo ikitokea hajui kama mkono wake utanyooka.

Wakaamua hivi. Akina mama na watoto walale gesti Kalangala, boti iwe ya mchana peke yake, safari za masaa mawili asubuhi kabla upepo haujakaza. Wakiwa safarini ssenga akae pembeni ya usukani na amri zote zipite kwake: nahodha anamwambia ssenga kwa neno moja, ssenga anapaza. Akina mama wasirudi Entebbe kwa maji, wavuke Jumapili kwa feri ya Luku kwenda Bukakata, upande wa bara, haina nauli, na kutoka hapo Masaka ni kama kilomita 40 tu, nyumbani. Boti ikaguliwe, mwenyeji na shemeji wairudishe Jumatatu alfajiri wawili tu.

Lilikuwepo wazo la kurudi wote siku ileile kwa boti ili "tumalize". Mke ndiye aliyelikataa, akasema hii inaitwa kukimbia mvua na kuingia mtoni, usukani wenyewe umepinda.

## Ilivyoishia

Hakuna aliyeumia. Usukani ulinyooshwa kwa fundi wa vyuma, haukurudi sawasawa lakini unafanya kazi. Jumamosi walitoka mara mbili, na ssenga, ambaye hajawahi kushika hata kasia, ikaonekana ana sauti ya kuongoza jeshi: "Kushoto!" na watu wanahama. Watoto waliogelea, maji ya kina, mbali na matete, maana konokono wa kichocho wanapenda kandokando penye majani na maji yaliyotulia. Hata hivyo walipewa dawa baada ya kama miezi miwili, kwa sababu ukimeza mapema mno dawa haiui minyoo ambayo bado michanga. Mama na mkwe wake hawakupeana mkono wakati wa kuagana Luku, ila mama alimwachia ndizi.

## Nionavyo mimi

Ukimuuliza mwenyeji atakuambia kosa ni mnyororo. Kweli, ni kosa. Kina mita nne, ongeza mita moja toka majini hadi pua ya boti, ni tano, na kwa tope laini unataka mara tano hadi saba, yaani mita 25 hadi 35. Yeye aliachia 15. Na ghuba iliyo wazi kaskazini usiku wa msimu wa mvua ni kamari. Lakini mnyororo ungerekebishwa na injini kama injini ingewaka dakika ya kwanza, na injini haikuwaka kwa sababu mtu mmoja alipewa kazi mbili zisizokaa pamoja, nahodha na mkwe. Nahodha anaamrisha. Mkwe anainama. Mchana kweupe wakati wa kubisha jambo hilo lilionekana mara tatu, na dawa aliyoitumia ilikuwa kushusha tanga, yaani aliondoa kazi iliyohitaji amri badala ya kutafuta mtu wa kuitoa amri. Usiku halikuwepo tanga la kushusha.

Ningekuwa mimi, ningemlipa nahodha mwingine siku tatu zile nikae na wageni wangu. Mwenyeji anasema mimi sielewi raha ya kumbeba mama mkwe kwa chombo chako mwenyewe. Labda.

Kuchelewa kulichangia kuliko watu wanavyokiri. Jogoo na mkungu vilikula masaa matatu, masaa matatu yakawafikisha magharibi, magharibi ikaleta nanga ya haraka. Huwezi kumlaumu ssenga, hakuna aliyemwambia kwamba botini matooke ya mvuke ni anasa na kwamba kuondoka kuna saa yake. Angepigiwa simu siku tatu kabla na mtu sahihi, yaani mke, angekuja na muhogo wa kuchemsha.

Kilichofaulu: laifu jaketi kupitia mtoto. Sitanii. Amri ile ilipita kwa mtu ambaye hana mwiko na bibi, na ikafika kwa sekunde. Ssenga wa Jumamosi ni dawa ileile kwa mtu mzima. Kulala nje chini ya turubai pia kulikuwa sahihi kwa heshima, tatizo ni kwamba alijihamisha yeye na kuiacha swichi ndani.

Kuhusu mama kutokunywa maji, hapo nawalaumu mwenyeji na mke wote wawili, mke zaidi, na ameshaniambia niandike hivyo. Mama wa miaka sitini kwenye jua masaa sita na nusu bila maji ingeweza kuwa mbaya kuliko matete. Kuuliza "mama umeshakwenda msalani?" kunataka mtu wa kike, kunataka kuulizwa kila baada ya muda, na kunataka mkwe awe mbele kabisa ya boti anajifanya anaangalia kamba.

Swichi imeshahamishwa, iko ukutani karibu na ngazi, unaifikia ukiwa nje. Mnyororo ameongeza. Mama ameulizia kama Pasaka kuna nafasi, ya mchana tu, na ssenga amesema anakuja, bila jogoo. Choo hakijaguswa. Fundi alikuja akakiangalia, akasema mlango mzito zaidi unawezekana ila pampu ni ya mkono na pampu ya mkono lazima ilie, kwa hiyo kwa sasa mwenyeji amenunua redio ndogo ya betri.